Je, wajua? Kwa nini kwenye kitara taa mbili huwaka lakini pointi humwendea mmoja

Tarehe 27 Julai 2024, ndani ya jengo la Grand Palais jijini Paris, Oh Sang-uk wa Korea Kusini alimshinda Fares Ferjani wa Tunisia 15–11 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya kitara, mojawapo ya silaha tatu za mchezo wa upanga, kwa wanaume. Kwa mtu aliyekuwa akiutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza, kuna jambo lililomsumbua tangu pambano lianze. Wachezaji wanavamiana, taa nyekundu inawaka, ya kijani nayo inawaka, wote wawili wanamgeukia mwamuzi huku wamekunja ngumi na kupiga kelele za ushindi. Mwamuzi ananyoosha mkono upande mmoja tu. Kajuaje?

Mashine humwambia mwamuzi nani kagusa. Haimwambii zamu ya kushambulia ilikuwa ya nani. Hilo analiamua mwenyewe kwa macho, na hapo ndipo ulipo utamu wote wa mchezo huu.

Kitara, kama jina lake la Kiswahili linavyodokeza, ni upanga wa kukatia. Cha mashindano hakizidi gramu 500, urefu wake wote hauzidi sentimita 105 na bapa lake halizidi sentimita 88. Silaha nyingine mbili za mchezo huu, foili na epe, huhesabu mchomo wa ncha peke yake. Kitara huhesabu mkato na mchomo pia. Eneo halali ni kuanzia mkunjo wa nyonga kwenda juu: kiwiliwili, kichwa, na mikono hadi kwenye kifundo. Ukimpiga mtu pajani hakuna taa itakayowaka, na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Taa yenyewe inawashwa na umeme mdogo sana. Mchezaji huvaa jaketi lililofumwa kwa nyuzi za chuma, na wavu wa kinyago chake unapitisha umeme pia. Waya mfupi wenye klipu huunganisha kinyago na jaketi. Waya mwingine hutoka kwenye mpini, ukapita ndani ya mkono wa jaketi, ukatokea mgongoni na kwenda kwenye rili, yaani gurudumu la kuviringishia waya, iliyo mwisho wa ulingo. Bapa likiligusa jaketi la mpinzani kwa muda usiofika hata millisekunde moja, mashine inasajili. Nguvu haihesabiki kabisa. Mkwaruzo mwepesi begani na kofi zito la upanga kichwani vina thamani ileile.

Taa ya kwanza ikishawaka, mashine humpa mchezaji wa pili millisekunde 170 tu, yaani takriban sehemu moja ya sita ya sekunde. Akigusa ndani ya muda huo, taa yake nayo inawaka. Akichelewa, mashine imeshafunga na hana chake. Kabla ya 2016 muda huo ulikuwa millisekunde 120, na nyuma zaidi ulikuwa ukizidi 300. Tarakimu hizi zinaonekana ndogo, lakini kila zikibadilishwa mchezo mzima hubadilika. Muda ukifupishwa, aliyekinga vizuri anaweza kufungiwa nje kwa sababu tu jibu lake lilipita njia ndefu kidogo.

Basi kwa nini pointi asipewe aliyewasha taa kwanza? Au wote wawili? Kwenye epe ndivyo ilivyo: wakigusana ndani ya millisekunde 40, kila mmoja anapata pointi yake. Hiyo ndiyo silaha ya Alexandra Ndolo, aliyeiwakilisha Kenya hapo hapo Paris. Kwenye kitara utaratibu huo ungeua mchezo. Eneo la kupigwa ni kubwa, mkato ni rahisi kufika, na wachezaji huanza wakiwa wametenganishwa na mita 4 tu. Kila mtu angekurupuka mbele na kupiga, asiwepo wa kujikinga. Kanuni ikawekwa kwa mantiki ya upanga wenye makali ya kweli: ukijiwa na upanga, kwanza uondoe, ndipo upige. Ukipiga bila kuuondoa, nyote mmekatwa, na kosa ni lako.

Mwamuzi hutoa amri kwa Kifaransa: En garde, jiwekeni tayari, Prêts, mko tayari?; kisha Allez, anzeni. Kuanzia hapo kichwani mwake anafuatilia zamu.

Wote wakiondoka pamoja, mikono ikanyooka pamoja na mapigo yakafika pamoja, hakuna pointi. Wanarudi kwenye mistari yao. Ndiyo maana utaona mara tatu nne mfululizo watu wanagongana katikati na hakuna namba inayosogea ubaoni. Kila mmoja anamsoma mwenzake, anangoja nani atabadilisha mdundo.

Mmoja akisita, hata nusu hatua, zamu inakwenda kwa anayesonga mbele. Ili shambulizi lihesabike, mkono uanze kunyooka kabla ya mchupo wa mwisho, na pigo lifike si baada ya mguu wa mbele kutua. Tazama hapo kwa ukaribu: kisigino cha mbele kinagonga ulingo, tap, na bapa linagusa bega kwa wakati huohuo. Hilo ni shambulizi safi. Kisigino kikitua kwanza na mkono ukafuata, shambulizi limekufa, na mpinzani akipiga wakati huo pointi ni yake hata kama taa zote mbili zimewaka. Kosa hili huwaangusha vijana wengi: miguu ina haraka kuliko mkono.

Shambulizi likipungua urefu, likapita hewani sentimita chache mbele ya kifua, zamu inahamia kwa aliyerudi nyuma. Mshambuliaji akirudia pigo kwa pupa, huku mwenzake ameshaanza lake, taa mbili zitawaka na mshambuliaji wa mwanzo atapoteza. Hii ndiyo mbinu inayomlipa mtu mwenye miguu myepesi: kumvuta mpinzani, kumfanya achupe mapema, kisha kumrudi. Ila nafasi ni finyu. Ulingo una urefu wa mita 14, na kutoka mstari wa kuanzia hadi mwisho wa nyuma ni mita 5. Miguu yote miwili ikivuka huko, mpinzani anapewa pointi bila hata kupiga.

Kukinga nako hubadilisha zamu, lakini lazima upanga ukutane na upanga na kuzuia njia kweli. Mlio wa chuma peke yake hautoshi. Mshambuliaji akitaka kuusukuma upanga wa mpinzani kwanza, anapaswa kuugonga kwenye theluthi mbili za mbele, kuelekea nchani. Akiugonga kwenye theluthi iliyo karibu na mkono, mwamuzi anahesabu kwamba mpinzani ndiye aliyekinga. Mgongano mmoja, sentimita chache za tofauti, pointi inahama upande.

Kuna pia mkono ulionyooshwa mapema, ncha ikielekea kwenye eneo halali kabla mpinzani hajaanza. Anayetaka kushambulia sharti auondoe upanga huo kwanza. Akiukosa na kuendelea, pointi si yake.

Kukimbia mbele kwa kupitisha mguu wa nyuma mbele ya mwingine kumekatazwa kwenye kitara, na adhabu yake ni kadi ya njano. Wachezaji wakabuni namna yao: wanaruka wakisukuma kwa mguu wa mbele, wanapiga wakiwa angani, na kujitahidi miguu isipishane kabla ya kutua.

Mambo huharibika pia kwenye vifaa. Klipu ya kinyago ikiachia, pigo la kichwani haliwashi taa. Jaketi lililochakaa huwa na sehemu ambazo umeme haupiti. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kila mchezaji hugusisha kitara chake kwenye silaha, jaketi na kinyago cha mwenzake, na taa ziangaliwe. Silaha iliyokataa kwenye ukaguzi huo ni kadi ya njano, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayekuja ulingoni na kitara kimoja.

Umeme uliingia kwenye kitara cha Olimpiki mwaka 1992, Barcelona. Kabla ya hapo majaji wanne walisimama pembeni wakitazama kwa macho nani kagusa, kwa silaha iendayo kasi namna hii. Pambano la pointi 15 huisha upesi. Mmoja akifika 8 wanapumzika dakika moja, basi. Áron Szilágyi wa Hungaria, mwenye dhahabu tatu mfululizo za 2012, 2016 na Tokyo, alitolewa Paris kwenye pambano lake la kwanza na Fares Arfa wa Kanada.

Mchezaji asiyeridhika anaweza kuomba video. Ombi likikubaliwa, haki yake ya kuomba inabaki, likikataliwa, imepungua. Matokeo yakiwa 14–14, mwamuzi halazimiki kuombwa: kanuni inamtaka aiangalie video kabla ya kutoa uamuzi. Kwa hiyo unaona watu wawili wamesimama na vinyago mikononi, jasho linawatiririka, taa zote mbili bado zinawaka, na mwamuzi ameinama mbele ya skrini akirudisha picha polepole, anatazama mguu wa mbele na mkono.