Bel Air ya 1959 na imani ya chuma kizito

Wapenzi wa magari ya Marekani ya miaka ya 1950 wamezoea kusema kwamba magari hayo, kwa kuwa bodi zake zilikuwa za bati nene, yalimlinda dereva kuliko haya ya leo yanayobonyea kwa kugongwa kidogo tu. Uzuri wake haubishaniwi, na mabawa ya nyuma ya Chevrolet Bel Air ya 1959 bado yanamgeuza mtu shingo; usalama ni jambo jingine.

Mwaka 2009 taasisi ya bima za magari ya Marekani, IIHS, iliigonganisha Bel Air hiyo uso kwa uso, upande wa dereva, na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Chumba cha abiria cha Bel Air kilifinyangika, usukani ukasukumwa kumwelekea dereva, na sanamu la majaribio lililoketi mahali pa dereva bila mkanda likaonyesha majeraha ya kuua. Dereva wa Malibu angeumia mguu.

Wapo waliodai kwamba gari kuukuu liliwekwa bila injini. Injini ilikuwamo, ya silinda sita.

Kubonyea kunakodharauliwa ndiko kunakomeza nguvu ya mgongano kabla haijamfikia mtu, ilhali kitu kigumu kisichobonyea mahali panapostahili huipitisha nguvu hiyo moja kwa moja hadi kifuani mwa dereva.