Dawa za sonona za kundi la MAOI: hatari haiko kwenye jibini peke yake

Dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya cha monoamini oksidesi, kwa kifupi MAOI, zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili. Fenelzini na tranilsipromini, dawa mbili za kundi hili, zimewainua wagonjwa ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia. Zinachotaka ni uangalifu, na uangalifu wenyewe mara nyingi huelekezwa mahali pasipofaa.

"Ukizitumia, huna utakachokula"

Hofu hii ilianzia Uingereza. Mwaka 1963 daktari kijana wa London, Barry Blackwell, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wagonjwa waliopata maumivu makali ya kichwa. Mfamasia mmoja akamjibu kwamba mke wake, aliyekuwa akimeza dawa hizo, alipatwa na hali hiyohiyo kila alipokula jibini. Mhusika alikuwa tiramini, kemikali inayojijenga protini inapochacha, inapokomazwa au inapoanza kuoza. Kwa kawaida kimeng'enya kilichomo kwenye utumbo na ini huivunja. Dawa ikishakizuia, tiramini hupenya hadi kwenye damu na presha hupanda ghafla.

Kwa hiyo la kuuliza ni chakula kimekaa muda gani. Samaki wa leo, nyama freshi iliyopikwa bila kukawia, mayai, maziwa freshi, ugali na mchicha havina neno. Hata maandazi ya hamira ni salama. Kinachokatazwa ni dondoo ya hamira, kama Marmite. Epuka jibini iliyokomazwa, soseji zilizochachushwa na kukaushwa, mchuzi wa soya na bia ya pipa. Kwetu ningeongeza ng'onda, samaki wa chumvi na pombe za kienyeji, maana hakuna anayejua zimebeba tiramini kiasi gani. Nyama iliyolala nje ya friji usiiamini kwa sababu umeichemsha upya: moto huua vijidudu, tiramini hubaki.

"Nikichunga chakula, dawa za dukani hazina shida"

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu kwetu mtu hufika duka la dawa, akasema "nina mafua na kikohozi", akapewa, akaondoka. Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, tramado ya maumivu na dawa nyingine nyingi za sonona zikikutana na MAOI zinaweza kujaza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye neva, mwilini kupita kiasi: homa kali, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa, hata kifo. Dawa za kuzibua pua zenye sudoefedrini hupandisha presha. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo inafaa.

Mwaka 1984 jijini New York, Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyekuwa akitumia fenelzini, alichomwa hospitalini sindano ya pethidini, dawa kali ya maumivu. Alifariki baada ya saa chache, na mgongano wa dawa hizo mbili unatajwa hadi leo kuwa chanzo kikuu.

Wanaotibiwa kifua kikuu sugu nao wamweleze daktari, kwa kuwa linezolidi, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, yenyewe huzuia kimeng'enya hikihiki kwa kiasi fulani.

"Nimeacha jana, leo niko huru"

Bado. Fenelzini na tranilsipromini hukiharibu kimeng'enya kabisa, na mwili huhitaji kama wiki 2 kutengeneza kipya. Masharti yote yanaendelea muda huo. Anayetoka kwenye fluoksetini, dawa ya sonona ya kundi jingine, kuja MAOI husubiri wiki 5. Moklobemidi, MAOI nyingine, ni tofauti: athari yake huisha ndani ya siku moja hivi. Na usiache ghafla kwa uamuzi wako.

"Ni dawa za kupandisha presha"

Siku nyingi huwa kinyume chake: presha hushuka unaposimama, ukaona kizunguzungu. Amka taratibu, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Dharura hujitambulisha kwa kichwa kinachogonga kuanzia kisogoni, moyo kwenda mbio, jasho, kutapika na shingo kukaza, mara nyingi ndani ya saa 2 baada ya kula. Usimeze kidonge cha presha cha jirani. Kuishusha ghafla nako kunaweza kukudhuru. Nenda hospitali mara moja, na kabla hujachomwa sindano yoyote taja jina la dawa unayotumia. Liandike kwenye karatasi ikae pamoja na kitambulisho chako, ili hata ukishindwa kusema, anayekupokea alione.