Tokaj sio ya Hungaria peke yake

Wengi wanadhani ile waini tamu ya Tokaj ni ya Hungaria tu, ukiiona imetoka Slovakia basi ni feki. Sio kweli jamani, na kuwaita wale wakulima waigaji ni kuwaonea kabisa. Mkataba wa Trianon wa 1920 ulipochora mpaka mpya wa Hungaria ulikata eneo la Tokaj vipande viwili, vijiji kama Malá Tŕňa na Viničky vikajikuta Chekoslovakia, upande ambao leo ni Slovakia, lakini mizabibu haikuhama, aina ya zabibu, Furmint, ni ileile, mpaka leo wanasubiri zabibu ziingie ukungu (kuvu) zisinyae ndo wanazichuma, halafu waini inalala kwenye mapango yaliyochongwa kwenye mwamba wa volkano, kuta zimejaa ukungu mweusi laini kama manyoya.