Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika

Jumamosi iliyopita alikuja gereji mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na Toyota Premio jeupe alilolinunua siku tisa nyuma. Bodi inang'aa, viti vimeoshwa hadi vinanukia. Fedha alizikusanya miaka minne, nyingine akakopa saccos. Gari lilianza kuchemsha alipokuwa anapandisha Kimara na watoto ndani. Tulingoja lipoe, nikafungua mfuniko wa rejeta, nikakuta maji ya rangi ya chai yenye utando wa oili juu yake. Gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ilikuwa imekwisha, na hedi yenyewe imepinda.

Nikamuuliza, "Mwalimu, siku ulipokwenda kuliangalia, injini ilikuwa ya moto au ya baridi?" Akajibu kwamba alilikuta linaunguruma. Dalali alimwambia amelipasha mapema ili amwonyeshe AC inavyopuliza.

Nimekuwa fundi wa magari madogo kwa miaka 17, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Injini ikiwa ya moto rejeta haifunguki bila kukuunguza, kwa hiyo maji hutayaona. Moshi wa asubuhi umeshatoka na kupotea, betri dhaifu imeshasukumwa ikawaka, na mlio wa cheni unaosikika oili ikiwa bado imelala chini umeshanyamaza. Yote ambayo gari lingekwambia bure, umeyakosa. Ndiyo maana, ukiwa na milioni zako 10 au 12 za kutafuta gari la familia, sharti la kwanza ni hili: mpigie muuzaji jioni, mkubaliane saa moja asubuhi, na umwombe kwa heshima asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, muage urudi siku nyingine. Mwenye gari zima hatachukia.

Kabla ya kuwasha, fungua rejeta. Kulanti nzima, yaani maji ya kupozea injini, ina rangi yake, ya kijani, nyekundu au ya waridi, na unaona ndani kama unavyoona ndani ya glasi ya juisi. Maji ya kahawia yana maana gari limekunywa maji ya bomba kwa muda mrefu na kutu imeanza kula ndani. Ukiona utando wa mafuta, usiendelee. Halafu fungua mfuniko wa oili, uangalie upande wake wa chini. Ute mweupe uliochanganyika kama mtindi ni maji yaliyoingia kwenye oili. Tope jeusi lililoganda ni oili iliyokaa bila kubadilishwa kwa maelfu ya kilomita. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, muuzaji hajui gari lake linakula oili, au anajua.

Sasa washa switi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Watu wengi wanaogopa taa inayobaki inawaka, na ni sawa kuiogopa, lakini mimi huiogopa zaidi isiyowaka kabisa. Hiyo imechomolewa na mtu asiyetaka uione.

Piga stata huku mwenzako amesimama nyuma ya bomba la moshi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja na kukata ni sili za vavu. Unaoendelea kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na hapo mazungumzo yanakuwa ya kushusha injini. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, kwa mtu wa Iringa au Arusha, ni jambo la kawaida. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto, wenye harufu ya utamu, ni kulanti inayoungua ndani ya silinda. Angekuwa amesimama nyuma ya lile Premio saa moja asubuhi, mwalimu wangu naamini angeuona.

Gia za automatiki nazo zipime hapohapo. Kanyaga breki, toa kwenye P ingiza R, kisha D. Gari linatakiwa liitike kwa utulivu. Likikaa kimya kidogo ndipo lishtuke kwa kishindo, giaboksi imechoka. Kama ni CVT, automatiki inayotumia mkanda badala ya gia, muulize muuzaji aliweka oili gani mara ya mwisho. CVT ina oili yake. Ukiiwekea ATF, oili ya giaboksi za automatiki za kawaida, unaiua, na hapa mjini nimeshusha kadhaa zilizouawa hivyo na mafundi wenzangu. Nalisema kwa uchungu kwa sababu ni kosa la kusoma tu maandishi ya kwenye kopo.

Watu huniuliza kwanza jina la gari, ndiyo maana nimelichelewesha. Kwa familia ya bajeti ndogo nchini kwetu, mimi huanza na injini ndipo nije kwenye bodi. Injini ninayoipendekeza ni 1NZ-FE, ile ya Toyota ya lita 1.5, cc 1,496. Inatumia cheni, kwa hiyo huna mkanda wa taimingi wa kukukatikia safarini, na imefungwa kwenye magari mengi kiasi kwamba spea zake ukizikosa Gerezani, Kariakoo, utazipata kwa fundi wa wilayani. Imo ndani ya IST ya 1.5, Raum ya toleo la pili, Spacio ya 1.5, Probox, Sienta ya toleo la kwanza, na Premio na Allion za 1.5. Kwa injini hiyohiyo unachagua bodi kulingana na watu wako.

IST watu wanalipenda na linauzika haraka, lakini bei yake imebebwa na jina. Ukiwa na watoto watatu na bibi yao, naona Raum ni gari la maana zaidi: milango ya nyuma inateleza, sakafu iko chini, mzee anaingia bila kushikwa mkono, na kwa kuwa vijana hawalitaki, muuzaji hana kiburi. Sienta lina viti saba, ila mengi ni CVT, basi rudi kwenye swali la oili. Wish ya 1.8 nayo ina viti saba na nafasi nzuri, lakini ya toleo la kwanza injini yake ni 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na huziba. Si kwamba usiinunue. Pima oili leo, na ukishainunua pima kila wiki. Ambayo ningekusihi uiache ni yoyote iliyoandikwa D-4 juu ya injini, yaani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Nadia, au Premio na Wish za lita 2 za toleo la kwanza. Pampu yake ya mafuta ya presha kubwa ni ghali, na masizi hujaa kwenye njia ya hewa. Bei yake ya kununulia huwa ya kuvutia kwa sababu hiyohiyo.

Magari madogo zaidi kama Passo na Vitz mengi hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Ile nyekundu ikiwaka, hedi inaweza kuwa imeshaanza kupinda, kwa hiyo rejeta ya magari hayo ikaguliwe mara mbili.

Usihangaike sana na herufi za namba. Namba D au namba E inakwambia gari liliandikishwa lini Tanzania, haikwambii limetunzwaje. Kilomita nazo husogezwa nyuma. Gari la mwaka 2005 linaloonyesha kilomita 68,000 huku mpira wa pedeli ya breki umelika hadi chuma na stelingi imekuwa laini kama kioo, linajipinga lenyewe. Tairi zina tarehe yake pembeni, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata (meno) nzuri lakini ya miaka minane ni gharama yako ya mwezi ujao.

Dar es Salaam kuna jambo jingine, mafuriko. Gari lililozama Jangwani likaoshwa na kukaushwa hupigwa picha nzuri sana. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, utaona mstari wa tope. Inua zulia chini ya kiti cha abiria, papasa reli za viti. Kutu hapo, kwa gari lenye bodi safi, haina maelezo mengine. Kwenye buti toa tairi ya akiba uangalie sakafu. Chuma kilichokunjwa na kuchomelewa upya ni ajali ya nyuma.

Karatasi nitazipitia kwa kifupi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na iliyo kwenye kadi, kwa macho yako. Angalia madeni ya trafiki. Muuzaji akisema kadi imepotea, fikiria kwamba huenda imewekwa bondi kwa mkopeshaji, na usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka uione. Fedha ya mwisho ilipwe siku mnayobadilisha umiliki TRA.

Fundi wa kukukagulia umlipe wewe, mkubaliane kabla ya safari, naye ajue atalipwa hata ukikataa gari. Anayesubiri chochote kutoka kwa dalali hawezi kukwambia "tuondoke". Na katika milioni 12, nunua gari la milioni 10. Nyingine zinasubiri oili, filta, plagi, bushi, tairi mbili, bima na umiliki. Mwalimu alimaliza zote siku ya kwanza. Hedi tumeipeleka kuchongwa, na mkutano wake na saccos ni wiki ijayo.

Ukiliendesha kulijaribu, lipeleke nusu saa kwenye barabara yenye matuta na mlima, redio imezimwa. Mkirudi, tandika boksi safi chini ya injini, liache liungurume na AC ikiwa imewashwa, mkae pembeni mnywe soda dakika 15. Feni ya rejeta isikike ikiwaka na kuzima. Kisha livute boksi. Matone ya maji safi upande wa abiria ni ya AC, hayana neno. Jeusi ni oili, jekundu mara nyingi ni la giaboksi au stelingi, la kijani au la waridi ni kulanti. Lipige picha boksi hilo kabla hamjaanza kuzungumza bei.