Jangwa la Namib kwa gari la kukodi: anza na upepo wa tairi

Nimeendesha watalii Serengeti na Ngorongoro miaka kumi na saba. Masika nimekwama kwenye udongo mweusi wa Ndutu mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu, na kila mara nimetoka. Kwa hiyo siku niliyofika Sossusvlei, Namibia, nikiwa na gari la kukodi na likizo yangu mwenyewe, sikuona haja ya kumuuliza mtu. Lami ilipoishia na mchanga kuanza, nikaingiza 4x4, nikakanyaga mafuta. Hatukufika hata mita mia tatu. Gari likalala kwa tumbo, na kila nilipokanyaga, magurudumu yalizidi kujichimbia shimo.

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na chombo kikubwa alichowahi kuendesha ni bodaboda. Alishuka, akalizunguka gari mara moja, akainama. "Shemeji, hizi tairi mbona zimevimba hivi?"

Nilimwambia apande. Hakupanda.

Mzee mmoja, dereva wa wageni pale pale, akaja na koleo begani. Hakutupa hotuba. Alifungua kifuniko cha valvu ya tairi la mbele, akachukua kijiti, akabonyeza. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu, zaidi ya dakika nzima, akahamia la pili, hadi yote manne. Akachota mchanga uliojaa mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha akanionyesha kwa mkono: rudi nyuma, pita kwenye alama zako mwenyewe, taratibu. Gari likatoka kana kwamba halijawahi kukwama. Nilipopima baadaye, geji ilisoma 1.2 kwa baa, kipimo cha msukumo wa upepo. Mimi nilikuwa nimeingia na 2.4.

Wenzangu wengi wa Arusha wananiuliza kuhusu safari ile, na wote huanza na simba. Simba ni sehemu rahisi. Kusini mwa Afrika ukijiendesha mwenyewe, kinachoamua kama utarudi na picha au na deni ni vitu viwili: upepo wa tairi na mwendo.

Sisi tunaotoka kwenye tope tuna tabia moja mbaya. Kwenye udongo mweusi, tope lina mwisho. Chini yake kuna ardhi ngumu, na tairi jembamba, lililojaa, lenye meno, hulikata tope mpaka likaishike ardhi hiyo. Ndiyo maana tunaingia kwa kasi na kuomba Mungu. Mchanga wa Namib hauna chini ya kufikia. Ukikata, unashuka tu. Unatakiwa uelee juu yake kama ngalawa, na tairi huelea likipunguzwa upepo: linajilaza, sehemu inayogusa chini inarefuka, uzito wa gari unasambaa. Watu hudhani linapanuka upande. Hapana, linarefuka zaidi kuliko linavyopanuka, linakuwa kama mnyororo wa buldoza.

Pampu za kule husoma kwa baa (ya kipimo, si ya bia), wakati geji zetu nyingi ni za PSI. Baa moja ni kama PSI 14.5. Kwa pikapu aina ya Hilux yenye hema juu ya paa na mizigo nyuma, mimi hukaa hivi: kwenye lami 2.2 hadi 2.4, kwenye changarawe 1.8 hivi, kwenye mchanga mzito 1.2 hadi 1.4. Usishuke chini ya 1.0 ukiwa na mzigo na kona mbele yako, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na ukishapunguza, punguza na mwendo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua ukuta wa tairi. Kwa sababu hiyo pampu ndogo ya umeme ni mzigo wa lazima kuliko friji. Usiondoke Windhoek kabla hujaijaribu. Ya kwetu ilikuwa na waya mfupi usiofika gurudumu la nyuma, na tuligundua hilo jangwani.

Barabara za Namibia zimepewa herufi. B ni lami. C nyingi ni changarawe, na D ni changarawe ya ngazi ya chini zaidi. Changarawe yenyewe wanaichonga vizuri kwa greda, na hapo ndipo mtego ulipo, maana inakudanganya. Inanyooka kilomita arobaini bila gari lingine, sheria inaruhusu mia kwa saa, na wewe unajiona uko kwenye lami. Mkataba niliosaini ulisema themanini, na gari lilikuwa na kifaa kinacholia ukizidisha. Shemeji alikichukia kifaa kile. Mimi nilikipenda, kwa sababu najua changarawe ni golori. Ajali inayowamaliza wageni kule mara nyingi haina gari la pili. Dereva anaona mnyama au shimo, anakata usukani ghafla, nyuma inateleza, anarudisha kwa nguvu, na gari refu lenye hema juu linabiringika. Ukiona kitu mbele, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, piga breki kwa kugusagusa. Ngiri akikataa kuondoka, heri kumgonga ngiri.

Halafu kuna zile rasta, vituta vilivyopangana kama bati. Tunazijua kutoka Naabi hadi Seronera. Hazitokani na magari mabovu. Gurudumu lolote likipita kwenye udongo uliolegea kwa kasi inayozidi kiwango fulani litaruka kidogo, litatua, litasukuma udongo mbele, na gurudumu linalofuata litaruka pale pale. Madereva wa Serengeti tuna dawa yetu: kimbiza mpaka gari lielee juu ya vituta. Inafanya kazi. Lakini gari linaloelea halishiki barabara, na kule kona huja baada ya nusu saa ya kunyooka, wakati umeshasahau kwamba usukani hugeuka. Tairi la 1.8 lenyewe hula nusu ya mtikisiko.

Mawe ya huko ni makali, hasa ukielekea Damaraland, kwa hiyo gari likija na spea mbili usishangae, na likija na moja dai ya pili. Soma bima yako pia. Ya kwetu haikugusa matairi, vioo wala chini ya gari. Kati ya Solitaire na Walvis Bay kuna zaidi ya kilomita 200 bila kituo cha mafuta, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Tulibeba maji lita tano kwa mtu kwa siku. Kuendesha usiku sahau kabisa.

Sasa Sossusvlei yenyewe. Kutoka geti la Sesriem kuna lami ya kilomita 60 hivi, halafu kama tano za mchanga, zile zilizonifundisha adabu. Asiyetaka kesi anaegesha pale lami inapoishia na kupanda gari la abiria la hifadhi. Nenda asubuhi, mchanga umekaza kidogo na bado una ubaridi. Mwisho wake unatembea kwa mguu hadi Deadvlei, sakafu nyeupe yenye miti iliyokufa karne nyingi zilizopita na haijaoza mpaka leo, kwa ukavu wa hewa. Shemeji aliugusa mmoja kwa kidole, akanong'ona kama yuko msikitini.

Etosha, hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Namibia, ni habari nyingine. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1907, lina zaidi ya kilomita za mraba 22,000, na katikati yake kuna uwanda wa chumvi wa takriban 4,800. Kwa dereva wa Tanzania kinachosumbua ni ukimya. Kwetu redio inaita, mtu kaona chui, dakika kumi magari ishirini. Kule niligeuka geuka siku nzima nikitafuta kama nilivyozoea, nikaambulia vumbi jeupe na springbok, swala wa huko. Siku ya pili nikabadilika. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, maji ni machache, kwa hiyo huwafuati wanyama, unawasubiri. Tulizima injini kwenye kisima kimoja saa mbili u nusu asubuhi. Kufikia saa nne na nusu walikuwa wamepita punda milia, mbuni, tembo kumi na mmoja, na choroa, wakubwa kuliko hawa wetu wa Tarangire.

Usiku, kambi ya Okaukuejo, kuna kisima chenye taa na ukuta mfupi wa mawe. Ngorongoro faru wetu mara nyingi ni nukta nyeusi kwenye darubini, na mgeni anakuamini tu kwamba ndiye. Pale alikuja faru mweusi na mtoto wake, wakasimama majini, na tukasikia akinywa. Kusikia, si kuona. Sauti kama mtu anayevuta uji wa moto. Nimeongoza wageni wengi sana, na sikuwahi kuisikia sauti ile.

Wenye siku zaidi waunganishe Kgalagadi, hifadhi iliyounganishwa rasmi mwaka 2000 kati ya Botswana na Afrika Kusini, yenye simba wa manyoya meusi wanaopenda kulala katikati ya barabara. Kutoka Namibia unaingilia geti la Mata-Mata, lakini ukitaka kutokea nchi nyingine lazima ulale humo angalau siku mbili. Upepo wa tairi ni uleule wa mchangani. Ukienda Botswana baada ya mvua, mchanga si adui peke yake: nyasi ndefu hupukutisha mbegu zinazoziba rejeta, na majani makavu hujikusanya chini ya gari karibu na ekzosi, yakashika moto. Funga wavu mbele ya rejeta, na kila unaposimama inama uchungulie. Ukisikia harufu ya nyasi kuungua porini ambako hakuna moto, shuka haraka, ni wewe.

Kila jioni, kabla ya kukunjua hema, zungukia gari ukiwa na spana, kwa sababu rasta hulegeza kila kitu. Kambi ya Halali, kule Etosha, nilikuta nati mbili za reli ya hema zimebaki na nyuzi tatu tu. Shemeji alizikaza yeye mwenyewe, halafu akapima matairi yote manne bila kuambiwa, na akanisomea namba kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari.