Mashine pepe na RAM: ununue kiasi gani?

Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ina mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na anwani yake ya mtandao, lakini vyote hivyo vinaendeshwa na programu kama VirtualBox juu ya mashine halisi iliyoko mezani. Mashine halisi huitwa mwenyeji, zile za ndani huitwa wageni. Majina yamekaa vizuri, maana swali la RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zinazoendeshwa hukaa, ni swali la mwenye nyumba: wageni wangapi wanakuja, na watalala wapi?

Wengi wakienda dukani hutazama prosesa kwanza. Kwa kazi hii mimi naanza na RAM. Prosesa hugawanwa kwa zamu. Kinyozi mwenye kiti kimoja huhudumia watu kumi kwa siku. Wengine watasubiri kidogo, lakini wote watanyolewa. Na kwa kuwa mashine pepe nyingi hukaa tu zikingoja kazi, prosesa ya kori nne hubeba wageni wengi kuliko unavyodhani. RAM haina zamu. Hiyo ni kitanda cha gesti: aliyekilalia amekilalia, awe amesinzia au yuko macho. Mgeni asiyefanya kazi yoyote bado ameshikilia sehemu yake.

Vitanda vikiisha, mfumo huanza kuhamishia baadhi ya vilivyomo kwenye RAM kwenda kwenye diski, kisha kuvirudisha vinapohitajika. Hata SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM, na diski ya kuzunguka ndiyo kabisa. Nililiona hili kwenye laptop yangu ya GB 8. Niliwasha Windows niliyoipa GB 4, na Linux mbili za GB 2 kila moja. Nne na mbili na mbili, nane. Hesabu ilitimia, ila mwenyeji mwenyewe sikumhesabu. Taa ya diski ikawaka bila kupepesa, kishale cha mausi kikawa kinarukaruka, herufi nilizobonyeza zikawa zinatokea baada ya sekunde kadhaa. Mwisho nilishikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine ikazima.

Kwa hiyo anza na mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa lazima apone kwanza. Ukiwa na Windows 11 na kivinjari chenye tabo kadhaa, mtengee GB 4 hadi 6. Linux isiyo na eneokazi (skrini ya madirisha na aikoni) huridhika na GB 1 au 2, isipokuwa unatumia ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ambao hupenda kuchukua RAM nyingi ili kuhifadhi data inayosomwa mara kwa mara.

Halafu wageni, mmoja mmoja. Microsoft inataka Windows 11 ipate angalau GB 4. Itawaka, lakini ukitaka kufanya kazi ya maana ndani yake, ipe 6 au 8. Ubuntu, aina ya Linux, yenye eneokazi, GB 4. Debian, nayo aina ya Linux, tupu ya seva, inayoendesha tovuti ndogo, hutosheka na GB 1. Hifadhidata ni jambo jingine: hula kadiri unavyoipa, hivyo pima kwa ukubwa wa data yako.

Tuseme unajifunza usimamizi wa mitandao. Unahitaji Windows Server yenye eneokazi (GB 4), Windows 11 ya mtumiaji (4, kile cha chini kabisa) na Kali Linux, ile ya kupimia usalama wa mitandao (2), vyote kwa wakati mmoja. Ongeza 5 za mwenyeji, jumla 15. Kwenye mashine ya GB 16 umebakiwa na GB 1, na siku utakapotaka mgeni wa nne huna pa kumweka. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, GB 32 ndicho kiasi ninachoshauri, hata ikibidi achukue prosesa ya kizazi cha nyuma ili bei ilingane. GB 8 inatosha kwa Linux moja au mbili ndogo, basi.

Zipo mbinu za kubana. Linux imekuwa na KSM tangu 2009: inatafuta sehemu za RAM zinazofanana kati ya wageni na kubakiza nakala moja tu. Inasaidia kweli ukiwa na wageni kumi wa mfumo uleule. Lakini usinunue RAM pungufu ukiitegemea, kwa sababu wageni wakianza kazi tofauti kufanana kunapungua, na RAM inahitajika papo hapo.

Kabla ya kulipa, pima unachotumia sasa. Kwenye Linux andika free -h, usome safu ya available badala ya free. Linux hujaza RAM iliyo bure kwa akiba ya diski, kwa hiyo namba ndogo ya free isikutishe. Kisha kagua mashine ina nafasi ngapi za kuchomeka RAM, na kiwango cha juu inachokubali. RAM ina vizazi: ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Laptop nyingi nyembamba RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, na hiyo haiongezeki kamwe. Muulize muuzaji, na ikiwezekana afungue mfuniko uone mwenyewe.

Kama kuna nafasi mbili na mfuko leo unaruhusu GB 16 tu, chukua kijiti kimoja cha 16 badala ya viwili vya 8. Viwili vingekupa kasi zaidi kidogo, lakini ukitaka kufika 32 ungelazimika kuving'oa vyote. Kijiti kimoja kinaacha nafasi ya pili wazi.