Kugandisha kwa Mwanga Vizibo vya Mifereji ya Magego

Kugandisha kwa mwanga ni hatua ambayo dawa ya majimaji, iliyopakwa katika mifereji myembamba ya uso wa kutafunia wa gego, hugeuzwa kuwa utando mgumu kwa kumulikwa na taa maalumu. Utando huo, ambao ndio kizibo, huwazuia bakteria na mabaki ya chakula kujificha mahali ambapo mswaki haufiki. Wanaowekewa zaidi ni watoto wa umri wa miaka 6 hivi, magego ya kwanza ya kudumu yanapoota, na nchini Uganda huo ndio umri wa kuanza shule ya msingi.

Dawa hiyo ni resini yenye chembe za kamfakwinoni, ambazo hufyonza mwanga wa buluu, hasa wenye urefu wa wimbi unaokaribia nanomita 470. Zikishaupata, huanzisha mmenyuko unaounganisha molekuli ndogo za resini kuwa minyororo mirefu iliyoshikana. Kwa hiyo kizibo hakikauki kama rangi ya ukutani inavyokauka, na kukisubiri bila kukimulika ipasavyo hakusaidii kitu.

Vizibo vya kwanza, katika miaka ya 1970, viligandishwa kwa miale ya urujuanimno, ambayo haikupenya kwa kina cha kutosha na ilitia wasiwasi juu ya usalama wa macho. Baadaye zikaja dawa mbili za kuchanganywa, zinazojigandisha zenyewe, kisha mwanga wa buluu ukashika nafasi. Taa za halojeni ndizo zilizotawala kwa muda mrefu, ingawa zilikuwa na joto jingi, feni yenye kelele, na balbu iliyofifia polepole huku ikiendelea kuonekana ya buluu kwa mtumiaji. Leo taa za LED zimezipiku: mwanga wake uko karibu kabisa na ule unaohitajika, hazili umeme mwingi, na nyingi hutumia betri ya kuchajiwa. Zipo pia taa za plazima na leza ya agoni, lakini bei yake ni kubwa na faida yake kwa kizibo chembamba, kwa maoni yangu, ni ndogo.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi kuliko aina ya taa ni kiasi cha nishati kinachoifikia dawa. Nishati hiyo hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya mwanga kwa muda: taa ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba ikimulika kwa sekunde 40 hutoa juli 16 kwa kila sentimita ya mraba, na ya miliwati 800 hutoa kiasi hichohicho kwa sekunde 20. Hesabu hii ina mipaka, kwa sababu mmenyuko wenyewe huhitaji muda, na taa inayosifiwa kuwa humaliza kazi kwa sekunde 3 haifai kuaminiwa mpaka maelekezo ya mtengenezaji wa dawa yaruhusu. Tena, nguvu iliyoandikwa kwenye kifaa hupimwa kwenye ncha yake. Vilele vya gego vikiiweka ncha mbali na mfereji, mhudumu akiishika upande, au resini iliyoganda ikiwa imeichafua, kinachofika chini ni pungufu. Dawa nyeupe isiyopitisha mwanga vizuri huhitaji uangalifu zaidi kuliko ile angavu.

Katika kliniki za Uganda ambako umeme hukatika, betri ya LED ni msaada mkubwa, mradi ichajiwe kabla ya kazi na nguvu ya taa ikaguliwe mara kwa mara kwa kipima mwanga. Pale ambapo taa haipo, au gego halijatoka vya kutosha kulindwa dhidi ya mate, saruji ya glasi-ayonoma (mchanganyiko wa unga wa glasi na asidi) hutumika kwa sababu hujigandisha yenyewe, ingawa hubanduka mapema kuliko resini.

Wakati wa kumulika, mhudumu, msaidizi na mtoto huvaa miwani ya rangi ya machungwa inayozuia mwanga wa buluu. Baadaye mhudumu hufuta tabaka jembamba linalonata juu ya kizibo, ambalo oksijeni ya hewani imelizuia kuganda, kisha huchokonoa kingo kwa kifaa chenye ncha. Kizibo kikibanduka, hurudia kazi kuanzia kwenye kulipaka gego asidi ya fosforiki, inayoufanya uso wake ushike dawa, na kulikausha, kwani huenda mate yaliingia kabla taa haijawashwa, na kuongeza sekunde za mwanga hakuwezi kulirekebisha hilo.